Umri wa kitambulisho

MWANASHA: Hamjambo nyote, karibuni. Mimi ni Mwanasha, na hapa niko na kaka yangu Kombo. Leo tuna swali la mama mmoja wa Malindi, alitutumia kwa sauti. Anasema: mamangu amepita sabini kitambo, jirani yetu anapata pesa za wazee, mbona mamangu hapati?

KOMBO: Ahsante dada. Swali zuri, na jibu lake limewaumiza wengi. Tuanze na Katiba ya Kenya ya 2010. Kifungu cha 57 kinampa mzee haki ya kutunzwa na jamaa zake na serikali. Ukienda kifungu cha 260, mzee ni mtu aliyefikisha miaka 60. Lakini pesa za Inua Jamii, ule mpango wa serikali wa kuwapa pesa wazee na wenye shida, kwa wazee zinaanzia 70. Miaka kumi imeachwa hapo katikati.

MWANASHA: Na ndiyo miaka ambayo mgongo unakataa jembe.

KOMBO: Kabisa. Huko nyuma ilikuwa 65, ila ulipimwa umaskini pia, kamati ikae, jina lako lisomwe barazani. Mwaka 2018 ikawa kila aliyefika 70, awe na ng'ombe awe hana, mradi asiwe anapokea pensheni ya serikali. Shilingi 2,000 kwa mwezi. Ndugu zetu Zanzibar nao wana pensheni jamii tangu 2016, miaka ileile 70, na hawaulizi umaskini. Walianza na shilingi 20,000 za Tanzania, baadaye zikapandishwa zikawa 50,000. Shangazi yangu wa Wete, kule Pemba, huipokea.

MWANASHA: Sasa nataka wasikilizaji washike jambo moja. Ukiambiwa "aliyefika 70", haulizwi mzee mwenyewe. Kinaulizwa kitambulisho. Bibi yangu, upande wa mama, kule Tana, kitambulisho chake kimeandikwa 1960. Kwa hesabu hiyo atafika 70 mwaka 2030. Lakini mto ulipofurika 1961, yeye ndiye aliyembeba mdogo wake mgongoni wakapanda mahali pa juu. Anakusimulia mpaka rangi ya leso aliyomfungia. Mtoto wa mwaka mmoja anambeba nani?

KOMBO: Subhanallah. Ilikuwaje wakaandika 1960?

MWANASHA: Karani alimtazama akakisia. Bibi hakwenda shule, alisoma chuoni tu, yaani madrasa, hana cheti cha kuzaliwa. Wakati ule nani alijua mwaka ule ungekuja kuwa pesa? Nilipompeleka kuuliza, afisa mmoja akatuambia, "Mimi nasoma kilichoandikwa." Bibi hakujibu kitu. Alikifunga kitambulisho kwenye pindo la leso, tukarudi. Njia nzima alikuwa kimya, nami nilikosa neno la kumwambia.

KOMBO: Pole sana, dada. Na hao ni wengi, pwani na bara. Kwa hivyo yule mama wa Malindi, kabla ya kwenda kwa chifu, asome kwanza mwaka ulioandikwa. Ukiwa sawa, tatizo ni usajili wa Inua Jamii, na hilo ni la chifu na afisa wa maendeleo ya jamii. Ukiwa na makosa, aanzie kwenye afisi ya usajili wa watu, wanaotoa vitambulisho. Huko watataka ushahidi: cheti cha kuzaliwa, cha ubatizo, cha shule. Asiye na hata kimoja aulize kuhusu kupimwa umri na daktari wa hospitali ya serikali.

MWANASHA: Twende kwa wenye ulemavu, maana huko watu wanachanganyikiwa zaidi. Mtu ana kadi ya Baraza la Watu wenye Ulemavu, anadhani pesa zitafuata.

KOMBO: Hazifuati. Kadi ni kadi. Unapimwa hospitalini, unasajiliwa, inakufungulia mambo mengine kama msamaha wa kodi kwa aliyeajiriwa. Pesa za Inua Jamii ni za wenye ulemavu mkubwa, yaani mtu asiyeweza kukaa bila wa kumhudumia mchana na usiku. Na nyumba yenyewe iwe maskini, na mtu huyo asiwe kwenye mpango mwingine wa pesa hizi.

MWANASHA: Hapo ndipo ninapotaka kusema na akina mama. Nimekaa na jirani yangu siku alipokuja mtu wa kuandikisha. Mwanawe ana mtindio wa ubongo, ana miaka kumi na minne. Akaulizwa, "Anaweza kula mwenyewe?" Akajibu, "Anakula, alhamdulillahi." Nikamtazama. Mimi namjua. Anauponda wali kwa kijiko, anamshika kichwa kwa mkono wa kushoto, tonge dogo dogo, saa nzima. Kwake yeye huko ndiko kula. Na mama hapendi kumtaja mwanawe kwa upungufu mbele ya mgeni.

KOMBO: Fomu ikaandikwa "anaweza".

MWANASHA: Ingeandikwa hivyo. Nikamwomba ruhusa, nikamwambia: hebu mweleze, ukienda sokoni asubuhi ukarudi adhuhuri, utamkuta vipi? Akanyamaza. Kisha akasema, "Siendi sokoni." Yule mwandikaji akaweka kalamu chini, akaanza kuuliza upya.

KOMBO: Jibu hilo lina kila kitu. Usimdhalilishe mtoto wala usiongeze chumvi. Sema kazi zako: unamgeuza mara ngapi usiku, nani anamwogesha, nani anampeleka choo. Na wewe mlezi, jina lako linaandikwa, kitambulisho chako pia, kwa sababu wewe ndiwe utakayekwenda kuchukua. Ukihama au ukiugua, jamaa wakabadilishe mlezi afisini mapema, wasingoje hadi malipo yakwame.

MWANASHA: Inaniuma kwamba huyo mlezi ameacha biashara yake ya maandazi, na 2,000 ni za mtoto. Siku zake yeye hazina fungu popote.

KOMBO: Tutamwalika mlezi mmoja aje azieleze mwenyewe.

MWANASHA: Inshallah. Mama wa Malindi, kitoe kitambulisho cha mamako, utusomee mwaka, ututumie sauti nyingine. Tunakungoja.