Unapaka nini sasa hivi? Mhadhara kuhusu tiba asilia na maradhi ya ngozi

Ndugu zangu, mabibi na mabwana, swali ninaloulizwa kuliko yote katika kazi hii ya tiba asilia ni hili: nipake nini? Mwenye chunusi anauliza apake nini. Mama mwenye mtoto wa ukurutu, au pumu ya ngozi kama wengine wanavyoiita, anauliza ampake nini. Wote hutarajia nitaje jani, mzizi au mafuta. Nami huwauliza: unapaka nini sasa hivi? Hapo orodha huwa ndefu. Sabuni ya manukato, limau, kitunguu saumu, krimu aliyopewa na jirani, mafuta ya aina tatu. Kabla hatujaongeza kitu kingine, tupunguze. Hilo ndilo nililokuja kulisema, na muda wangu wote nitautumia kueleza kwa nini.

Fani yetu, kwa sura yake ya Ulaya na Marekani, ilijengwa mwishoni mwa karne ya 19 na watu kama Sebastian Kneipp, padri wa Bavaria, Ujerumani, aliyetibu kwa maji, na Benedict Lust, aliyefungua shule yake New York mwaka 1901. Msingi wao ulikuwa kwamba mwili una nguvu ya kujiponya, na kazi ya tabibu ni kuuondolea vizuizi. Kwa upande wa ngozi, msingi huo bado una nguvu. Linalonisikitisha ni kwamba wengi wetu tumeacha kuondoa vizuizi tukashika kuuza chupa.

Katika sehemu kubwa ya mwili, tabaka la juu kabisa la ngozi ni jembamba kuliko karatasi. Limejengwa kama ukuta: seli zilizokufa ndizo matofali, na katikati yake mna mafuta, yaani seramidi, kolesteroli na asidi za mafuta, yanayoshika kazi ya udongo. Ukuta huo unazuia maji ya mwili yasitoke na vijidudu visiingie. Tena una uchachu kidogo, pH yake ikiwa karibu 5, na uchachu huo huwanyima raha bakteria wabaya. Sabuni ya kawaida ya kipande ina pH ya 9 hadi 10. Kila unapojisugua kwa povu jingi unaondoa yale mafuta na kuutibua ule uchachu. Ngozi yenye afya itajirekebisha baada ya saa chache. Ngozi ya mwenye ukurutu haijirekebishi kwa urahisi, na mwaka 2006 watafiti wa Dundee, Uskoti, walionyesha sababu mojawapo: wagonjwa wengi wana hitilafu katika jeni ya filagrini, protini inayosaidia kuujenga ukuta huu. Mtoto huyo amezaliwa na ukuta wenye nyufa. Mama yake hakukosea chakula, wala hakumwosha vibaya. Nalirudia kila mahali, maana nimeona akina mama wengi mno wakibebeshwa lawama isiyo yao.

Kwa hiyo matibabu ya ukurutu huanzia bafuni. Maji ya uvuguvugu, si ya moto. Dakika tano hadi kumi zinatosha. Sabuni isiyo na manukato, nayo kwenye makwapa, sehemu za siri na miguu tu, mwili mwingine uoshwe kwa maji. Dodoki na jiwe viwekwe pembeni. Kisha futa kwa kugusagusa, na ngozi ikiwa bado na unyevu paka mafuta mazito yasiyo na harufu. Na paka ya kutosha! Mtoto mwenye ukurutu mwili mzima anaweza kuhitaji gramu 250 kwa wiki, mtu mzima gramu 500. Wengi wanaosema mafuta hayakuwasaidia wamemaliza kopo dogo kwa miezi miwili.

Mafuta gani? Hapa wale tunaopenda mimea tuwe waangalifu, maana mafuta ya mimea hayalingani. Utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 2013 uliwapaka watu wazima mafuta ya zeituni kwa wiki kadhaa, na ukuta wa ngozi ukadhoofika, hata kwa watu ambao hawakuwahi kuwa na ukurutu. Mafuta ya alizeti hayakuleta madhara hayo. Tofauti iko kwenye asidi za mafuta: ya zeituni yamejaa asidi ya oleiki, inayolegeza tabaka la juu, na ya alizeti yana asidi ya linoleiki kwa wingi, ambayo ngozi huitumia kutengeneza seramidi. Mafuta ya nazi yasiyopikwa kwa kemikali nayo yamewafaa baadhi ya watoto wenye ukurutu wa wastani. Vaselini tupu, ingawa haitoki shambani, ni mojawapo ya vitu vinavyozuia vizuri zaidi maji yasipotee, na sioni aibu kuipendekeza.

Sasa nije kwenye jambo ambalo naomba mlishike hata kama mtasahau mengine. Ngozi iliyochanika isipakwe chakula. Ngozi ni mahali ambapo kinga ya mwili inajifunza nani adui. Kitu kikipita tumboni, mwili kwa kawaida hukizoea. Kikiingia kupitia ngozi yenye uvimbe, mwili unaweza kukiwekea uadui. Mwaka 2003 watafiti wa Uingereza walichapisha matokeo kwamba watoto waliopakwa vipodozi vyenye mafuta ya karanga kwenye ngozi yenye vipele walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kupata mzio wa karanga. Japani, miaka michache baadaye, watu zaidi ya 2,000 walipata mzio wa ngano kwa kuosha uso na sabuni yenye protini ya ngano; walikuwa wakila mkate bila shida, sasa wakila wanavimba. Kwa hiyo mtu anayekushauri umpake mtoto mwenye ukurutu maziwa, yai au unga wa karanga, mshukuru na usifanye. Unga laini wa oti unaotengenezwa maalumu kwa ngozi una historia nzuri ya kutuliza mwasho, lakini hata huo uanzishwe kwa tahadhari, kwenye eneo dogo kwanza.

Kuna imani moja katika fani yetu inayoniumiza kwa sababu inawaumiza watu. Mgonjwa anapaka dawa ya majani, ngozi inawaka, inatoa maji, inachubuka, anaambiwa: vumilia, hiyo ni sumu inatoka, ni damu chafu. Ndugu zangu, ini na figo ndizo zinazosafisha damu. Ngozi inayowaka baada ya kupakwa kitu inasema imeungua au imepata mzio. Kitunguu saumu kibichi kikifungwa juu ya ngozi kinaweza kuacha jeraha la moto la kweli kabisa. Limau likipakwa na mtu akatoka juani, kemikali zake zinaungana na mwanga na kuacha malengelenge na mabaka meusi ya miezi. Mafuta yenye harufu kali, hata yawe yametoka kwenye ua zuri namna gani, ni chanzo kinachojulikana cha mzio wa ngozi, hasa chupa ikikaa wazi muda mrefu. Dalili ikizidi, osha, acha, tafuta ushauri.

Chunusi zina njia yake. Hapo tatizo si uchafu, na kusugua hakusaidii. Vinyweleo vinaziba kwa seli na mafuta, bakteria wanaoishi humo wanaongezeka, uvimbe unafuata, na homoni ndizo zinazosukuma gari zima. Chakula kina nafasi yake, ingawa si chakula cha mafuta kama wengi wanavyodhani. Mwaka 2007 watafiti wa Australia waliwapa vijana wa kiume, kwa wiki 12, mlo usiopandisha sukari ya damu kwa haraka, na chunusi zao zikapungua kuliko za wenzao. Vinywaji vya sukari na wanga uliokobolewa hupandisha insulini, na insulini huchochea mafuta ya ngozi. Huu ni ushauri ninaoutoa kwa moyo mweupe, maana hata chunusi zisipoisha, mwili umefaidi. Katika mimea, mafuta ya ti-tri, yatokanayo na majani ya mti wa Australia, yalipimwa mwaka 1990 kwa watu 124: jeli yenye asilimia 5 ya mafuta hayo ilishindanishwa na losheni ya benzoili peroksaidi, dawa ya kawaida ya chunusi, ya asilimia 5. Zote zilipunguza chunusi. Ya mti ilikawia zaidi lakini haikukera ngozi sana kama ile losheni. Angalieni, asilimia 5. Mafuta hayo yakipakwa bila kuchanganywa yanaunguza. Na dawa yoyote ya chunusi, ya shambani au ya maabara, ipewe wiki 8 hadi 12 kabla ya kuihukumu. Anayebadilisha kila Jumatatu hataijua iliyomfaa.

Soriasisi, ugonjwa wa mabaka mazito yenye magamba, nitaigusa kwa ufupi. Seli zinazopaswa kupanda juu kwa takriban mwezi mmoja zinapanda kwa siku chache tu, kwa sababu kinga ya mwili imechafuka ndani. Kupunguza uzito kwa aliyezidi, kuacha sigara na kupunguza pombe vinasaidia kweli. Na akili ina mkono wake humo: mwaka 1998, Marekani, wagonjwa 37 waliokuwa wakitibiwa kwa mwanga waligawanywa, wengine wakasikiliza kanda za kutuliza mawazo wakiwa ndani ya mashine. Waliosikiliza walipona haraka zaidi. Utafiti ni mdogo, lakini unanipa ujasiri wa kumuuliza mgonjwa wa ngozi jinsi anavyolala na nini kinamlemea moyoni. Usiku mwasho huzidi, kujikuna kunachana ngozi, ngozi iliyochanika inawasha zaidi. Kukata kucha na kuvaa pamba nyepesi ni tiba, si mapambo.

Nije upande wa pili wa uaminifu. Mafuta ya mbegu za ua liitwalo kwa Kiingereza evening primrose, yanayouzwa kwa vidonge kama tiba ya ukurutu, yalichunguzwa pamoja na yale ya mmea mwingine, boraji, katika mapitio ya tafiti 27 yaliyotoka mwaka 2013. Hayakuonyesha faida kuliko kidonge kisicho na dawa. Mimi niliacha kuyapendekeza. Mmea unaostahili kusifiwa lazima pia ukubali kupimwa, na iko mimea iliyopimwa ikashinda. Katika karne ya 13 Ibn al-Baytar, mtaalamu wa mimea ya dawa, aliandika juu ya mbegu za mmea tunaouita kitaalamu Ammi majus, zilizotumika Afrika Kaskazini kutibu mabaka meupe ya vitiligo: mgonjwa anazitumia kisha anakaa juani. Katika miaka ya 1940, mjini Cairo, daktari El Mofty alifanya kazi na kemikali iliyotolewa kwenye mmea huohuo, na mwaka 1974 kemikali hiyo pamoja na mwanga wa urujuanimno zikatangazwa kuwa tiba ya soriasisi. Elimu ya wazee ilipewa kipimo, kiasi na tahadhari, maana ukizidisha jua ngozi inaungua. Ningependa kila mmea wetu upewe heshima hiyo.

Krimu isiyo na maandishi ya kueleza kilichomo ni hatari ninayoihofia kuliko zote. Mwaka 1999 madaktari wa Uingereza walipima krimu 11 zilizouzwa kama mitishamba ya Kichina. Nane zilikuwa na deksamethasoni, steroidi kali, yaani dawa ya kuzima uvimbe, na baadhi zilikuwa zikipakwa usoni na kwa watoto. Krimu inayoondoa ukurutu kwa siku mbili huku ikiitwa majani matupu inapaswa kukutia shaka. Steroidi si adui. Ikitolewa kwa kiasi na kwa muda unaojulikana inazima moto ambao mafuta peke yake hayauzimi. Mimi, mtu wa tiba asilia, simwambii mzazi atupe krimu ya daktari. Ninachokataa ni steroidi iliyofichwa, ambayo mtu huipaka miezi hadi ngozi inakuwa nyembamba, kisha akiacha ghafla inalipuka.

Vivyo hivyo msimwondolee mtoto maziwa, mayai na ngano kwa kubahatisha. Wapo watoto waliodhoofika kwa utapiamlo wazazi wao wakiwinda mzio ambao haukuwapo. Chakula kiondolewe kukiwa na dalili za wazi, kwa usimamizi, na kwa muda maalumu.

Tena hakikisheni mnatibu ugonjwa wenyewe. Mwasho mkali wa usiku kwa watu kadhaa wa nyumba moja, vipele vikiwa katikati ya vidole na kwenye viwiko vya mikono, huo huenda ni upele wa wadudu, na mafuta hayatawaua. Nyumba nzima itibiwe siku moja. Duara lenye ukingo ulioinuka linalopanuka mara nyingi ni fangasi. Na kwa ngozi nyeusi msisubiri wekundu, kwa sababu uvimbe hujionyesha kwa weusi uliokolea, rangi ya kijivu au zambarau, na kwa joto mnalolihisi kwa kiganja.

Anayepaswa kupelekwa hospitali leo, bila kusubiri dawa yangu wala ya mwingine, ni mwenye ukurutu aliyepata homa na malengelenge madogo yanayouma yaliyotokea ghafla, maana huenda ni virusi vya hepesi vimeenea. Mwenye eneo linalovimba, lenye joto, na linalopanuka kwa saa. Na yeyote ambaye ngozi yake inachubuka mdomoni au machoni baada ya kunywa dawa mpya, iwe ya mitishamba au ya dukani. Akienda, achukue na ile chupa.

Sasa nayakaribisha maswali. Mama pale nyuma umeinua mkono tangu nilipotaja mafuta ya zeituni, tuanze na wewe.