Kipini kimetoka, macho yamepotea

Ndugu zangu wapiga picha, naanza na aibu yangu mwenyewe. Bibi harusi alivaa kipini cha dhahabu puani. Nikampiga kwa lenzi ya milimita 85, apecha (tundu la lenzi la kupitishia mwanga) f/1.8, fokasi nimeiweka jichoni. Nafika nyumbani, nafungua picha: nakshi za kipini unazihesabu, kope ukungu mtupu. Nikailaumu mikono yangu usiku kucha.

Mikono haikuwa na kosa. Mkono ukitikisika, fokasi inatangatanga, mara mbele mara nyuma. Zangu zote ziliangukia puani. Kosa lisilohama ni la vipimo. Kwenye DSLR, yaani kamera yenye kioo ndani, mwanga wa kutafutia fokasi unapenya kioo kikuu, unagonga kioo kidogo nyuma yake, unashuka kwenye sensa nyingine kabisa, chini kule. Safari hiyo ikizidi au ikipungua kidogo tu kuliko ile ya kwenda kwenye sensa ya picha, kamera inalia "pii" kumbe haijafika. Wenye kamera zisizo na kioo, ninyi kunyweni chai tu.

Dawa ni boksi la majani ya chai na rula. Boksi lisimame wima, maandishi yaikabili lenzi. Rula ilaze mshazari pembeni, nyuzi 45, katikati yake ikiwa usawa mmoja na uso wa boksi. Fokasi weka kwenye boksi. Ukiweka kwenye rula, ule mshazari utakudanganya. Kamera iwe kwenye stendi, umbali milimita za lenzi mara 25 hadi 50. Kwa 85 ni kuanzia mita 2 na ushee. Apecha wazi kabisa: kwa mita 2, kwenye sensa kubwa (full frame), f/1.8 inakuachia sentimita kama 6 tu zilizo kali, kwa hiyo kosa litaonekana. Tumia taima. Kabla ya kila picha vuruga fokasi kwa mkono ili itafute upya, na piga kumi, moja haitoshi.

Sasa soma rula, kisha fungua menyu ya kamera ya kurekebisha fokasi ya lenzi. Rula ikitoka kali mbele ya boksi, ongeza namba, ikitoka kali nyuma, punguza. Canon na Nikon zenye menyu hiyo zinatoka -20 hadi +20. Si zote zinayo: Canon 60D ya 2010 iliikosa, wakairudisha kwenye 70D. Mie bado nashangaa.

85 yangu ilitaka +7. Lenzi ya 50, kamera hiyohiyo, ikataka -3. Kwa hiyo usiombe namba ya jirani.

Boksi ninalo hapa. Nani ana kamera yenye kioo, aje mbele?