Mtu Aoa Nge: Herufi Moja Inavyoweza Kuharibu Protini

Ndugu wasikilizaji, tazameni ubaoni: MTUAUANGELEO. Ukiigawa herufi tatu tatu unapata "mtu aua nge leo". Ribosomu, mashine ya seli inayojenga protini kwa kusoma RNA (nakala ya jeni), nayo husoma hivyo. Haioni nafasi kati ya maneno. Inaanzia kwenye AUG, inahesabu tatu, inaunga asidi amino moja (tofali la protini), inahesabu tatu nyingine. Kila herufi tatu huitwa kodoni, na kodoni zote ni 64. Kati ya hizo, 61 zinataja asidi amino, na tatu zilizobaki, UAA, UAG na UGA, ni za kusimamisha kazi.

Haya, badilisheni herufi moja tu: AUA iwe AOA. Mtu aoa nge leo! Mnacheka, lakini angalieni kwamba maneno mengine matatu yamebaki salama. Selimundu ndivyo inavyoanza. Katika jeni ya mnyororo wa beta wa himoglobini, protini inayobeba oksijeni kwenye damu, kodoni ya 6 ni GAG (kwenye jeni, herufi T hukaa mahali pa U ya RNA). A ikigeuka T inakuwa GTG; asidi ya glutamiki inatoka, valini inaingia. Mnyororo una asidi amino 146, kwa hiyo 145 hazikuguswa kabisa.

Mbona basi madhara ni makubwa hivyo? Glutamiki ina chaji hasi na inaelewana na maji, kwa hiyo hukaa juu ya uso wa protini bila tabu. Valini inayakimbia maji. Himoglobini ikishaachia oksijeni hubadilika umbo, na valini hupata kijishimo cha kujificha kwenye molekuli ya jirani. Moja ikashika ya pili, ya pili ikashika ya tatu, mpaka zinakuwa nyuzi ndefu ngumu zinazoipinda seli nyekundu. Ndiyo maana mgonjwa akipungukiwa oksijeni au maji mwilini, maumivu huanza: maji yakipungua ndani ya seli, molekuli husongamana na kushikana upesi zaidi.

Tahadhari kwa wanaosoma majibu ya maabara: mtaona pia imeandikwa Glu7Val. Ni badiliko lile lile. Hesabu ya zamani iliiacha methionini ya kwanza, asidi amino ya AUG, ambayo hukatwa baadaye. Hesabu ya sasa inaijumlisha.

Tubaki kwenye kodoni hiyo hiyo. G ya kwanza ikiwa A, tunapata AAG, yaani laisini, na hiyo ni himoglobini C, ambayo kwa kawaida si kali kama selimundu. G ya mwisho ikiwa A, tunapata GAA, ambayo bado ni glutamiki. Hilo huitwa badiliko kimya, ingawa jina hilo mimi silipendi: likiangukia mahali RNA inapokatwa na kuungwa, linaweza kuivuruga kazi hiyo.

Sasa kodoni ya 39 ya beta, CAG. Ikigeuka TAG, ribosomu inasimama baada ya asidi amino 38, na matokeo yake ni thalasemia ya beta, upungufu wa damu wa kurithi. Wengi hufikiri seli itajaa protini fupi. Mara nyingi sivyo. Seli huikagua RNA mjumbe, na ikikuta alama ya kusimama imetangulia kiungo cha mwisho cha eksoni (vipande vya RNA vinavyoungwa pamoja) kwa zaidi ya herufi 50 hivi, huiharibu RNA yenyewe. Alama hiyo ikiwa kwenye eksoni ya mwisho, RNA huponyoka, na hapo ndipo protini pungufu hutengenezwa kweli na wakati mwingine kuisumbua ile nzima.

Turudi ubaoni, tuifute T: MUA UAN GEL EO. "Mua" ni neno, lakini kwa bahati tu. Herufi moja ikitoka, kila kodoni inayofuata imeharibika, na kwa kuwa kodoni 3 kati ya 64 ni za kusimamisha, ribosomu haiendi mbali kabla ya kuikuta mojawapo.

Tukizitoa tatu? MTU AUA LEO. Inasomeka. Lakini msikimbilie kusema hakuna neno. Katika jeni ya CFTR, inayotoa protini ya kupitisha kloridi kwenye utando wa seli, kuna mfuatano ATC ATC TTT GGT. Toa CTT, inabaki ATC ATT GGT. ATT bado ni isolusini kama ATC, kwa hiyo kilichopotea ni fenilalanini ya 508 peke yake, kati ya asidi amino 1,480. Hata hivyo protini haijikunji sawasawa, seli huivunja nyingi kabla haijafika kwenye utando, kloridi inakosa njia, na sistiki faibrosisi, ugonjwa wa kurithi wa kamasi nzito mapafuni, unatokea.

Kwenye distrofini, protini ya misuli, mambo ni kinyume. Eksoni ya 45 ina herufi 176. Ikipotea peke yake, 176 haigawanyiki kwa tatu, usomaji unavurugika, na kwa kawaida mtoto hupata Duchenne, ugonjwa mkali wa kudhoofika misuli. Zikipotea eksoni tatu, 45 hadi 47, ni herufi 176, 148 na 150, jumla 474. Gawanyeni kwa tatu: 158 kamili. Pengo ni kubwa zaidi, protini ni fupi kuliko ya kawaida, lakini ncha zake mbili bado zipo na inafanya kazi kiasi. Mgonjwa huwa na Becker, aina ya ugonjwa huo iliyo nafuu.