Kamba ya Luwombo na Safari ya Kijijini

ZAINA: Karibuni tena. Leo tulipanga mambo matano ya kumlinda paka mpaka Mwaka Mpya, lakini nianze na paka wangu Kijivu, maana wengi mmemuulizia. Jumatatu tulimpeleka kwa daktari wa mifugo, anatapika tangu usiku. Daktari akainua ulimi: kamba ya mgomba imejikaza chini yake.

OPIO: Ya luwombo, ile ya kufungia kuku na mchuzi kwenye jani la mgomba apikwe kwa mvuke?

ZAINA: Ya luwombo. Amepasuliwa, na sasa anakula.

OPIO: Pole sana, dada. Basi tuieleze hii vizuri, maana Desemba kila nyumba inapika luwombo. Kamba imeloa mchuzi wa kuku na karanga, paka anailamba. Ulimi wake una vijimiba vinavyoelekea kooni, kwa hiyo kilichonasa hakitemeki kirahisi. Anameza.

ZAINA: Na shida kubwa iko tumboni. Ncha moja inanasa chini ya ulimi au pale tumbo linapoingilia utumbo, nyingine inateremka. Utumbo unasukuma, kamba haiendi, basi utumbo unajikusanya kama marinda ya sketi na kamba inaukata kwa ndani.

OPIO: Ndiyo maana ukiiona inachungulia mdomoni au nyuma, usivute.

ZAINA: Usivute kabisa! Wala usimnyweshe mafuta ya kupikia eti iteleze. Mnyime chakula, mpeleke kwa daktari siku hiyohiyo. Dalili ni kutapika, kukataa chakula, kujikunyata.

OPIO: Jikoni, hesabu. Umefunga luwombo 12 kwa kamba 12, wakati wa kufungua zitoke 12. Zitie kwenye ndoo yenye mfuniko, weka jiwe juu, halafu zikatupwe chooni kwenye shimo. Jalala la nyuma ya jiko halifai, paka anashinda huko.

ZAINA: Na majani?

OPIO: Majani yenyewe si sumu, ila yamebeba mchuzi wenye kitunguu. Kitunguu kinaharibu chembe nyekundu za damu ya paka, kiwe kibichi au kimeiva. Hata mfupa wa kuku uliopikwa: unapasuka vipande vyenye ncha.

ZAINA: Nyuzi za kumetameta za mti wa Krismasi ziingie hapohapo, ni kamba ileile. Haya, safari. Muda unakimbia.

OPIO: Ukienda kijijini, mchukue. Ukimwachia mtu, akasahau siku mbili tatu, paka akikaa bila kula, mafuta yanaweza kumjaa kwenye ini. Hasa paka mnene.

ZAINA: Hapana, kaka. Abaki nyumbani, mtu aje asubuhi na jioni. Kampala hadi Arua ni karibu kilomita 500, ndani ya basi lililofurika, joto, watoto. Akichomoka kituoni humpati tena.

OPIO: Kikapu chenye mfuniko uliofungwa, kitambaa chenye harufu ya nyumbani, asile kwa muda wa saa nne hivi kabla ya safari. Mkifika, afungiwe chumba kimoja mpaka siku ya kurudi.

ZAINA: Chumba cha nani? Krismasi watu wanalala hadi sebuleni, mlango unafunguliwa kila dakika. Nje kuna mbwa wasiochanjwa na sumu ya panya ghalani.

OPIO: Achanjwe kichaa cha mbwa mapema. Kuanzia miezi mitatu anachanjwa, mwaka ukipita anarudia.

ZAINA: Chanjo haizuii sumu ya panya.

OPIO: Na mlezi akisahau maji?

ZAINA: Nachagua mlezi wa kuaminika.

OPIO: Mimi namchukua.

ZAINA: Mimi simchukui. Kaka, zimebaki sekunde chache. Maua na mti hatujavigusa.

OPIO: Wiki ijayo. Fataki kwanza.

ZAINA: Tarehe 31 awe ndani kabla ya giza, madirisha yafungwe, awekewe boksi la kujificha. Na parasetamoli usimpe, hata nusu kidonge: ini la paka haliwezi kuivunja, inamuua. Tukutane Jumamosi.