Kabla ya jina la chuo, uliza yadi ya mawe

Hamjambo nyote, wa Kisumu, wa Nakuru, na hasa jamaa zangu wa Tabaka, kule Kisii. Tazameni hili jiwe. Ni la kwetu, nilikuja nalo sandukuni. Likiwa kavu limefifia kama jivu. Nikilichovya kwenye maji hivi… mmeona ule wekundu unavyotoka? Mama amekaa mbele ya karai miaka na miaka, akisugua mawe haya kwa msasa hadi alama za vidole zikafutika. Karo yangu ilitoka kwenye karai lile.

Sasa, dada mmoja wa Kondele amemaliza digrii ya sanaa pale Maseno. Ananiuliza aje chuo gani huku Marekani kusomea uchongaji, ile shahada ya uzamili ya miaka miwili wanayoiita MFA. Dada, nakujibu kwa moyo wote, maana mimi mara ya kwanza nilikosea.

Nilichagua kwa picha. Bustani nzuri, majengo yanang'aa. Nikafika na patasi zangu na tupa mbili, nikaambiwa humu mawe hayachongwi, hakuna mtambo wa kuvuta vumbi. Mwaka mzima nikachonga povu la plastiki. Iliniuma sana. Ilibidi nihame, nianze upya kwingine.

Kwa hiyo waandikie barua pepe wasimamizi wa karakana, si ofisi ya usajili peke yake. Yadi ya mawe, yaani uwanja wa kuchongea mawe, ipo? Shaba mnaisubu hapo hapo? Nikitaka kufanya kazi saa nane usiku, mlango unafunguliwa? Kisha uliza nani anafundisha, na utazame kazi zake mwenyewe. Chuo cha sanaa cha Cranbrook, kule Michigan, hakuna madarasa ya kawaida. Kila idara inaongozwa na msanii mmoja. Msipoelewana naye, miaka miwili ni mirefu mno.

Najua wengi mnawaza Chuo Kikuu cha Yale kwa sababu ya Wangechi Mutu, msanii wetu Mkenya. Ni kweli, alisomea uchongaji pale, akamaliza 2000, na 2019 sanamu zake nne za shaba zikasimamishwa mbele ya jumba la makumbusho la Metropolitan, New York. Ni fahari yetu. Lakini hata Yale, waulize maswali yale yale.

Pesa: usikubali nafasi kabla ya kusoma barua ya ufadhili mstari kwa mstari. Vyuo vingine hukusamehe karo, nawe ukasaidia kufundisha. Ukija kwa viza ya mwanafunzi, ile F-1, lazima uonyeshe pesa za mwaka wa kwanza, na masomo yakiendelea unaruhusiwa kazi ya chuoni isiyozidi saa 20 kwa wiki. Wakala akikuambia utajilipia karo kwa kuosha vyombo, ondoka hapo.

Na zile picha za kazi zako, tafadhali usifiche mawe ya Kisii eti ni vinyago vya watalii. Mchongaji Mzee Elkana Ong'esa ni wa hapo hapo Tabaka, na ndege wake wa jiwe yuko makao makuu ya UNESCO, Paris. Piga picha asubuhi, kivulini, nyuma uweke shuka lisilo na maua. Zungusha sanamu, tuone na mgongo.

Maombi mengi hufungwa Desemba au Januari. Dada wa Kondele, nitumie picha kabla ya Oktoba. Ile mikwaruzo ya tupa usiisugue kwanza, nataka kuona mkono wako unavyokwenda.