Raptors wa Toronto: kabla ya lile kombe

Shikamooni wazee wangu, na wadogo zangu hamjambo huko? Hapa nyuma yangu ni Scotiabank Arena, Toronto, nyumbani kwa Raptors, timu ya mpira wa kikapu. Wengi wenu mlianza kuwafuatilia mwaka 2019 walipochukua ubingwa wa NBA, ile ligi kuu ya kikapu ya Marekani na Kanada. Leo naomba niwarudishe nyuma, maana utamu wa lile kombe uko kwenye misimu iliyotangulia.

Timu ilianza 1995. Msimu wa kwanza ikashinda mechi 21, ikafungwa 61. Lakini katika hizo 21 yumo Michael Jordan na Chicago Bulls wake, waliofungwa 109 kwa 108! Bulls wale wale waliopoteza mechi 10 tu msimu mzima.

Halafu akaja Vince Carter. Jamani, yule kijana alikuwa anaruka! Mei 2001, nusu fainali ya kanda ya Mashariki ya ligi, mechi ya saba, yaani ya mwisho ya kuamua nani anasonga, ugenini kwa Philadelphia 76ers. Asubuhi ya siku hiyo Carter yuko North Carolina kwenye mahafali yake ya chuo, kisha huyo, ndege, kuwahi mechi. Zimebaki sekunde mbili, Raptors wako nyuma kwa pointi moja. Anapewa mpira pembeni kushoto, anarusha. Ukagonga ringi, ukatoka. 88 kwa 87. Watu walimsema sana kwa yale mahafali, na mimi naona walimwonea. Desemba 2004 akahamia timu ya New Jersey, na kwa miaka mingi kila akija hapa ni kuzomewa.

Misimu iliyofuata naipita haraka. Kobe Bryant alitufunga pointi 81 peke yake mwaka 2006, basi mnaelewa hali ilivyokuwa.

2013 uongozi akapewa Masai Ujiri, baba Mnigeria, mama Mkenya. Eeh, damu yetu ile! Uwanjani wako Kyle Lowry na DeMar DeRozan. 2016 wakafika fainali ya Mashariki, na hapo, ndugu zangu wa Kongo, mtu wenu Bismack Biyombo, mzaliwa wa Lubumbashi, alidaka ribaundi 26, yaani mipira iliyokosa kuingia kikapuni, kwenye mechi moja dhidi ya Cleveland. Ishirini na sita! Ila Cleveland ya LeBron James ikawatoa mwaka huo, ikawatoa 2017, ikawatoa 2018.

Ujiri akamwondoa kocha. Kisha akampeleka DeRozan timu ya San Antonio, ili kwa kubadilishana ampate Kawhi Leonard, mtu ambaye kila mmoja alijua anaweza kuondoka baada ya msimu mmoja. DeRozan alikuwa ametutumikia misimu tisa. Iliniuma, na bado inaniuma.

Mei 2019, mechi ya saba, Philadelphia tena. 90 kwa 90. Kawhi anakimbia hadi pembeni, safari hii kulia, anarusha juu ya mikono ya Joel Embiid. Kengele inalia mpira ukiwa hewani. Ukadunda kwenye ringi mara moja, mbili, tatu, nne... ukazama! Juni 13, kwenye fainali ya NBA, wakaimaliza Golden State kule kule kwao Oakland, 114 kwa 110. Mwezi uliofuata Kawhi akaondoka kweli.

Novemba 2024 jezi namba 15 ya Carter ilipandishwa juu humu ndani kwa heshima, asiivae mwingine tena, ya kwanza katika historia ya klabu, na safari hii alipigiwa makofi. Alistahili kabisa. Sasa namba 10 ya DeRozan nayo, siku akistaafu, ipandishwe pale pembeni yake. Mnasemaje? Niandikieni hapo chini.