Mstari wa Kwanza Ndio Unaomchagua Mkalimani

Ndugu zangu, jambo hili nimekwisha kulisema mara nyingi, na leo nalirudia kwa sababu wiki hii tu nimeletewa skripti nyingine, yaani faili la amri za kompyuta, isiyo na ule mstari wa kwanza unaomtaja mkalimani, yaani programu ya kuzisoma amri hizo. Faili lenyewe linaitwa nakala.sh. Nikamuuliza kijana aliyelileta: kompyuta itajuaje kwamba hili ni la kusomwa na mkalimani aitwaye bash? Akanijibu, "Si limeandikwa .sh, mwalimu?"

Hapana! Kwenye Linux na ndugu zake wa ukoo wa Unix, mkia wa jina haumchagui mkalimani. Liite nakala.sh, liite nakala.py, liite nakala.maembe, ni mamoja. Windows ndiyo inayoangalia mkia, na wengi wenu mmelelewa huko, kwa hiyo nayaelewa mazoea yenu. Lakini seva mnazozitunza si Windows.

Sikilizeni inavyokwenda. Ukiandika jina la skripti na kubonyeza ingiza, sheli (sizungumzii ile ya mafuta, nasema programu inayopokea amri zako, kama bash) inaiomba kerneli, yaani kiini cha mfumo, iendeshe faili hilo. Kerneli inasoma baiti za mwanzo. Ikikuta baiti mbili za kwanza ni reli na alama ya mshangao, yaani #!, inajua kwamba maneno yanayofuata ni njia ya kumfikia mkalimani. Reli ni hiyo hiyo mnayobonyeza mwisho mkiangalia salio. Basi faili likianza na #!/bin/bash, kerneli inamwita /bin/bash na kumkabidhi jina la faili. Bash naye akiusoma mstari ule anauona ni maoni tu, si amri, kwa kuwa umeanza na reli, anaupita. Dennis Ritchie wa Bell Labs ndiye aliyeliingiza jambo hili kwenye kerneli ya Unix mwaka 1980. Kabla ya hapo sheli zilikuwa zinabahatisha: sheli iitwayo csh ikikuta herufi ya kwanza ya faili ni reli, inalisoma yenyewe; isipoikuta, inalipelekea sheli nyingine, sh. Miaka zaidi ya arobaini tumeondolewa kwenye kubahatisha, na sisi tunarudi huko kwa hiari yetu.

Kwa nini nasema tunarudi? Kwa sababu usipoandika mstari ule, kerneli inakataa. Inarudisha kosa liitwalo ENOEXEC, maana yake: faili hili silijui ni la aina gani. Wewe kosa hilo hulioni, maana sheli iliyoomba inalimeza na kuamua yenyewe la kufanya. Ukiwa ndani ya bash, bash italisoma yenyewe. Ukiwa ndani ya dash, sheli nyingine, dash italisoma. Ukiwa ndani ya zsh, sheli ya tatu, itampa /bin/sh. Faili ni lile lile, herufi kwa herufi, wasomaji watatu.

Mtu ataniambia: mwalimu, yangu inafanya kazi miaka minne sasa. Ngoja nikupe kisa.

Kuna ofisi moja iliniita baada ya diski ya seva yao kufa. Walikuwa na skripti ya nakala za hifadhidata, inaendeshwa kila usiku na cron, programu ya kuendesha kazi kwa ratiba. Inachukua nakala, kisha inaangalia: faili la leo likiwa tupu, simama, usiguse kitu. Likiwa na kitu ndani, futa nakala zote zilizozidi siku saba. Mpango mzuri, na aliyeuandika hakuwa mzembe. Aliupima. Alitengeneza faili tupu makusudi, akaiendesha skripti kwa mkono, ikasimama kama alivyotaka. Akaridhika, akaikabidhi kwa cron.

Kosa lilikuwa moja: hakuandika mstari wa kwanza. Alipopima kwa mkono alikuwa ndani ya bash, na bash ikaisoma. Cron haitumii bash, inatumia /bin/sh. Na kwenye Ubuntu, tangu toleo la 6.10 la mwaka 2006, /bin/sh ni dash. Debian nao wakafuata, toleo la 6, mwaka 2011. Sasa kinga yake aliiandika hivi: if [[ ! -s "$faili" ]]. Mabano yale mawili ni lugha ya bash. Dash haiyajui kabisa, inadhani ni jina la programu. Inaitafuta, haiioni, inasema [[: not found, na amri inahesabiwa imeshindwa. Na ndani ya if, amri iliyoshindwa ni sawa na jibu la "si kweli". Yaani seva iliulizwa, "Faili ni tupu?" Ikajibu, "Si tupu." Ikaendelea kufuta!

Miezi mingi hakuna aliyejua, kwa sababu nakala zilikuwa nzima. Siku nywila ya hifadhidata ilipobadilishwa, nakala zikaanza kutoka tupu. Kinga ipo imelala. Kila usiku faili moja tupu linaingia, na moja zima, la zamani, linafutwa. Baada ya siku kama nane hivi hakukubaki hata moja lenye kitu. Ujumbe wa kosa uliandikwa kila usiku kwenye barua za ndani za seva, sanduku ambalo hakuna aliyewahi kulifungua. Nilipofika nikapiga ls -l, amri ya kuorodhesha mafaili na ukubwa wake, nikaona safu ya sifuri. Nilikaa kwenye kile kiti nikashindwa kumtazama yule mama mhasibu usoni. Mstari mmoja, ndugu zangu. Herufi kumi na moja: #!/bin/bash. Zihesabuni.

Wapo wanaosema: mimi naendesha kwa kuandika bash nakala.sh, shida iko wapi? Sawa, hapo umemchagua mkalimani kwa mdomo wako. Je, mwenzako atakayeirithi amekusikia? Na wanaoandika sh nakala.sh, kwa sababu wamenakili maelekezo ya mtu, hao wanaupindua hata mstari ulioandikwa vizuri. Kerneli haiulizwi kabisa hapo, sh inapewa faili moja kwa moja. Acheni hiyo.

Naona naonyeshwa saa, kwa hiyo haraka haraka. Bash haikai mahali pamoja kila mfumo; kwenye FreeBSD iko /usr/local/bin/bash, ndiyo maana wengi huandika #!/usr/bin/env bash, ili programu ya env iitafute kwenye PATH, yaani orodha ya mahali programu zinapotafutwa. Lakini cron ina PATH fupi, kwa hiyo angalieni env itaona nini usiku. Baada ya jina la mkalimani, Linux inapokea hoja moja tu, yaani neno moja la maelekezo ya ziada. Ukiandika mbili zinashikamana kuwa moja. Faili likihaririwa kwenye Windows, mwisho wa mstari unabeba herufi isiyoonekana, mtaona /bin/bash^M na kuambiwa hakuna faili kama hilo, mkadhani bash imefutwa. Na wa Python, andikeni python3, msiandike python tupu, maana jina hilo halimaanishi kitu kimoja kila mahali.

Kabla ya chai, kila mmoja aingie kwenye seva yake, apige crontab -l aone orodha ya kazi za cron, kisha head -n 1 aone mstari wa kwanza wa kila skripti iliyomo pale. Mwenye skripti isiyoanza na reli na mshangao aje nayo hapa mbele, tuifungue pamoja. Sitoki mpaka wa mwisho.